Siku ya ndege za modeli kijijini kwa ajili ya hisani: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga, na huu ni mwaka wangu wa sita nikiishi katika kijiji kimoja cha Lincolnshire, Uingereza. Miaka miwili iliyopita nilijiunga na klabu ya ndege za modeli ya hapa, wanachama tuko kama 30. Sasa kamati imenipa kazi ya kuandaa siku ya kurusha ndege mbele ya wanakijiji, kwenye shamba lililo nyuma ya ukumbi wa kijiji, ili tuchangie helikopta ya wagonjwa. Ndege nazijua kiasi. Shughuli ya watu sijawahi kuiandaa. Nianzie wapi, na nini kinaweza kuniharibikia? Halafu, je, sehemu ya fedha tunaweza kuituma kwenye zahanati ya kijiji chetu kule nyumbani? Mke wangu anasema niulize kabla sijaahidi.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na mkeo amekushauri vyema. Nianze na ndege, fedha zitafuata.

Kabla ya kibali, bima, keki na bahati nasibu, kuna jambo moja ningependa likukae kichwani hadi jioni ya siku yenyewe. Jumapili ya kawaida, kila aliyepo uwanjani kwenu anazijua ndege. Anajua kwamba propela inayozunguka haionekani. Akisikia mwenzake anapaza sauti "natua!" anasimama alipo bila kuuliza. Hakuna aliyemfundisha asubuhi hiyo. Ameyazoea kwa miaka. Siku ya hisani watakuja watu mia mbili, labda mia tatu, wasiojua hata moja kati ya hayo, na wengi wao watakuwa watoto. Usalama wenu wa kila wiki unategemea ujuzi wa waliopo, na siku hiyo ujuzi huo hautakuwepo upande wa pili wa kamba. Basi kila unachopanga, kipange ukimfikiria mtoto wa miaka mitano anayeiona ndege inatua na kuikimbilia.

Nasema hivi kwa sababu nilimwona mtoto huyo. Ni miaka mingi iliyopita, shambani katika kijiji kimoja, mimi nikiwa msimamizi wa marubani. Kamba ilikuwa imara, vigingi vyekundu, mabango ya kutosha. Pembeni tulikuwa na meza ya kuwauzia watoto vindege vya povu vya kurusha kwa mkono. Mmoja akarusha chake, upepo ukakichukua, kikavuka kamba na kuangukia kwenye njia ya kutua. Akainama, akapita chini ya kamba, akakifuata. Wakati huohuo ndege ya kilo nne ilikuwa inashuka, injini imeshapunguzwa. Rubani hakujaribu kuipandisha tena wala kuikwepesha. Aliizamisha kwenye shayiri upande wa pili, ikavunjikavunjika. Mtoto aliokota kindege chake na kurudi kwa mama yake bila kujua kilichompita. Kosa halikuwa lake wala la mama yake. Sisi ndio tulioweka meza ya vindege mita kumi kutoka kwenye kamba, upepo ukivuma kutoka nyuma yake. Tulikuwa tumefikiria kamba ikae wapi, hatukufikiria ni kitu gani kitamfanya mtoto atake kuivuka.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni kwenda shambani na mwenye shamba, ukiwa na dira na karatasi, miezi mitatu kabla. Tazama jua kwanza. Sisi tuliokulia Tanga tumezoea jua la utosini, Desemba linaelemea kusini, Juni linaelemea kaskazini. Lincolnshire jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Rubani anayetazama kusini atafika mahali ndege yake inaingia ndani ya jua, na kwa sekunde mbili au tatu hajui iko wapi wala imeelekea wapi. Waweke watu na marubani upande wa kusini wa shamba, wakitazama kaskazini, jua likiwa mgongoni. Upepo nao utakusaidia hapohapo, kwa kuwa England mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi: ndege iliyozimika injini itasukumwa kwenda mbali na watu. Ikitokea siku hiyo upepo unatoka kaskazini kwa nguvu, unasukuma kila kitu kuelekea kwenye viti, ndege nyepesi zibaki chini hata kama watu wamelipia maegesho. Na kama ukumbi na vyoo viko kaskazini mwa shamba, kamati itataka watazamaji wakae huko kwa sababu choo kiko karibu. Kataa. Kodi vyoo vya kubebeka.

Ukitoka kwa watazamaji kwenda mbele, panga hivi: kamba yao, kisha ukanda mtupu usio na mtu wala kitu, kisha meza za mafundi na ndege zilizoegeshwa, kisha marubani wakiwa wamesimama pamoja ndani ya kiboksi kilichochorwa kwa chokaa, kisha njia ya kupaa na kutua, na ng'ambo yake ndiyo anga ya kurushia. Mbele ya marubani chora mstari ambao ndege iliyo hewani haiuvuki kurudi upande wa watu kwa sababu yoyote. Rubani aliye mashakani ana wajibu wa kuivunja ndege yake ng'ambo ya mstari huo kuliko kujaribu kuileta nyumbani. Mwambie hivyo asubuhi, kwa maneno hayohayo, mbele ya wenzake, ili akilazimika kufanya hivyo asione aibu.

Umbali je? Idhini ambayo klabu za hapa huruka chini yake inataka ndege isiwakaribie watu wasiohusika chini ya mita 30, na wakati wa kupaa na kutua inaruhusu mita 15. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Piga hesabu mwenyewe: ndege ya povu inayokwenda kilomita 72 kwa saa inakula mita 20 kila sekunde, kwa hiyo mita 30 ni sekunde moja na nusu. Katika sekunde moja na nusu rubani ashtuke, aelewe, asukume kijiti, na ndege iitikie. Sasa chukua ndege kubwa zaidi, kilo 5, kilomita 100 kwa saa. Nguvu iliyomo ndani yake ni karibu sawa na ya mfuko wa saruji wa kilo 50 uliodondoka kutoka urefu wa mita 4. Hakuna mzazi angemweka mwanawe chini ya mfuko huo. Mimi kwenye shughuli ya wazi siweki chini ya mita 50 kati ya kamba ya watu na mstari usiovukwa, na shamba likiwa halitoshi napunguza ukubwa wa ndege. Umbali siupunguzi.

Meza ya vindege vya watoto iwe nyuma kabisa ya watazamaji, na warushe kwa kuelekea kwenye maegesho yaliyofungwa au ukuta wa ukumbi, kamwe si kuelekea shambani. Gari la aiskrimu vivyo hivyo. Kila kinachomvuta mtoto kiwe upande wa mgongo wa mama yake.

Sasa watu. Unahitaji msimamizi mmoja wa mstari ambaye siku hiyo harushi ndege yake hata mara moja. Najua atanung'unika, maana kwa kawaida anayefaa kazi hiyo ndiye rubani bora mliye naye. Yeye ndiye anayeamua nani anapaa, lini, na lini kila kitu kishuke, na neno lake halina rufaa hadi jioni. Pembeni yake awepo mtazama anga, macho yake juu tu, anatafuta ndege za kweli. Halafu mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Wengi humchagua mcheshi. Chagua anayejua ndege na mwenye sauti tulivu, kwa sababu siku mambo yakiharibika ni yeye atakayewaambia watu mia tatu wasogee nyuma taratibu, na watamsikiliza kadiri walivyomzoea tangu asubuhi.

Marubani wachache. British Model Flying Association (BMFA), chama kikubwa cha wenye ndege za modeli hapa, kilichoanzishwa mwaka 1922, kina vyeti vya ujuzi: cheti cha A kinaonyesha mtu anaweza kuruka peke yake kwa usalama, cheti cha B kinaonyesha anafaa kuruka mbele ya umma. Siku hiyo arushe mwenye B tu. Katika klabu ya watu 30 huenda mkawa nao sita au saba, na wanatosha. Waliobaki wana kazi: maegesho, kamba, meza, ndoo za michango. Yupo atakayesema amekuwa akirusha tangu ujana wake na hajawahi kuhitaji karatasi. Mpe heshima yake yote, kisha mpe maegesho.

Upande wa sheria hautishi kama watu wanavyodhani. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, CAA, imevipa vyama vya modeli idhini maalumu inayojulikana kama ya Kifungu cha 16, na wanachama wa vyama hivyo huruka chini yake. Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, rubani mwalikwa kutoka klabu nyingine awe mwanachama hai wa chama chenye idhini hiyo, na namba yake ya usajili wa CAA iwe imebandikwa kwenye ndege. Omba kuona, usiulize tu. Pili, iandikie BMFA mapema ueleze shughuli ni ya wazi kwa umma, mahali gani na kwa ukubwa gani, upate jibu la maandishi kuhusu bima. Bima ya mwanachama na bima ya klabu kuwaalika watu wa nje ni vitu viwili, na mwenye shamba ana haki ya kuona cheti kabla hajafungua geti.

Kwa kuwa uko Lincolnshire, ramani ya anga ni lazima. Hiyo ni kaunti ya ndege: Cranwell, Coningsby, Waddington, zote ni kambi za jeshi la anga. Kila uwanja wa namna hiyo una eneo la zuio, duara lenye nusu kipenyo cha maili 2 au 2 na nusu za baharini, pamoja na vipande vya kilomita 5 kwa 1 kwenye ncha za njia za kurukia. Kama shamba lenu limo ndani, hakuna modeli inayoruka bila ruhusa ya uwanja husika, na ruhusa hiyo huombwa wiki kadhaa kabla. Hata mkiwa nje ya zuio, ndege za jeshi hupita chini sana huko. Hiyo ndiyo sababu ya mtazama anga.

Na helikopta ya wagonjwa mnayoichangia inaweza kuitwa siku hiyohiyo, kijiji hichohicho. Marubani wote na msimamizi wakubaliane neno moja fupi. Likitamkwa, kila modeli inatua au inaangushwa ng'ambo ya mstari, na hairuki tena hadi msimamizi aseme. Fanyeni zoezi la jambo hili asubuhi kabla watu hawajafika. Hali kadhalika, mshereheshaji atangaze mapema, na bango liwepo getini, kwamba mgeni haruhusiwi kurusha droni. Siku hizi kila kijiji kina kijana mwenye droni anayetaka kupiga picha za shughuli kwa nia njema kabisa, na droni hiyo itatokea kwenye kimo kilekile cha ndege zenu bila mtu kuitarajia.

Majirani ni muhimu kuliko karatasi zote hizo. Pita nyumba kwa nyumba, wewe mwenyewe, wiki tatu kabla, useme siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Wewe ni mgeni mwenye sura ngeni katika kijiji cha watu wanaojuana. Hodi yako mlangoni itafanya kazi ambayo tangazo halifanyi. Mwongozo wa serikali wa mwaka 1982 kuhusu kelele za modeli ulitaja kikomo cha desibeli 82 kwa kipimo cha mita 7, na bado ndicho kipimo kinachotumiwa na klabu. Ndege za umeme ziwe nyingi, za petroli chache na zisifuatane. Kama kuna farasi katika shamba la jirani, zungumza na mwenye farasi kwanza kabla hata ya mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji.

Nije kwenye ratiba, hapo ndipo klabu nyingi zinapopoteza siku. Wapenda ndege wanataka ndege ziwe hewani muda wote. Mwanakijiji hataki hivyo. Baada ya dakika 20 shingo inauma, ndege zote zinafanana, anaanza kutafuta gari lake. Rusha dakika 15, kisha nyamaza dakika 20. Katika kimya hicho watu wanakwenda kwenye chai, kwenye keki, kwenye bahati nasibu, wanakuja kwenye kamba kumuuliza rubani hii ilikuchukua muda gani kuijenga. Ndege huwaleta watu, lakini mchango hutoka wakati ndege ziko chini. Anza saa sita mchana, maliza saa kumi alasiri, usiendelee kwa kuwa watu bado wapo.

Kila kipindi kiwe na hadithi. Anza na ndege ya kujifunzia, ile pana ya mabawa yaliyoinuka, mshereheshaji aeleze rimoti inafanyaje kazi. Kisha Wot 4, ndege ambayo karibu kila klabu ya Uingereza inayo, iruke mizunguko mikubwa na ya polepole karibu na ardhi ng'ambo ya mstari. Watoto hupenda kuliko ndege za kasi. Na kama yupo yeyote klabuni au klabu jirani mwenye modeli ya Lancaster, ile ndege ya mabomu ya Waingereza ya Vita Vikuu vya Pili, mbembeleze. Kwa kipimo cha 1 kwa 15 mabawa yake ni kama mita 2, injini nne za umeme, haingurumi sana. Kikosi cha 617 cha jeshi la anga kilipaa na ndege hizo kutoka Scampton, kaunti hiyohiyo, usiku wa tarehe 16 Mei 1943, na Lancaster ya kweli ingali inaruka kutoka Coningsby. Kuna wazee kijijini kwako ambao baba zao walikuwa wakizitia mafuta ndege hizo, au hawakurudi nazo. Itakapopita mbele ya kamba, mshereheshaji anyamaze. Muziki usiwepo. Nimesimama kwenye kamba wakati kama huo na sijasahau.

Kuna pia jambo moja linalowapa watoto furaha kubwa bila hatari: rimoti mbili zilizounganishwa, moja kwa mwalimu na moja kwa mtoto. Mwalimu anaipaisha, anaifikisha juu, anamwachia mtoto. Ikielekea vibaya anaachia swichi na ndege inarudi mikononi mwake. Dakika tatu kwa mchango wa pauni 5, mtoto anapewa cheti chenye jina lake. Lakini hili lifanyike mwishoni, baada ya maonyesho, mtoto na mzazi mmoja wakisindikizwa hadi kwenye kiboksi cha marubani na kurudishwa. Upepo ukizidi kilomita 25 kwa saa liahirishwe. Mtoto asikumbuke ndege kama kitu kilichompiga chenga.

Asubuhi, kila ndege ikaguliwe na mtu asiye mwenye ndege. Vitu viwili asiviache kamwe. Rimoti izimwe makusudi, ndege ikiwa imeshikwa, waone kama injini inazima yenyewe mawimbi yanapokatika. Na kila rimoti ipimwe mawimbi yake yanafika umbali gani. Betri za lipo, yaani zile za lithiamu za ndege za umeme, zisichajiwe chini ya hema la watu wala ndani ya gari. Ziwe na meza yake, ndoo ya mchanga, na mtu asiyeondoka. Betri iliyopigwa kwenye ajali huweza kuwaka nusu saa baadaye ikiwa imetulia mezani, kwa hiyo huwekwa peke yake, nje, ndani ya kopo la chuma. Huduma ya kwanza iwe na mtu mwenye mafunzo, na gari lake lisizibwe na mengine. Andikeni kabla, mkiwa mmekaa na chai, ni upepo gani utaahirisha shughuli. Msipoandika, siku ile mtaangalia umati na kusema "labda utatulia".

Fedha sasa. Kabla ya kuchapa bango hata moja, wasiliana na shirika lenyewe. Kwa kaunti yako ni Lincs & Notts Air Ambulance, makao yake karibu na Waddington. Helikopta za wagonjwa England huendeshwa na mashirika ya hisani, na ya kwanza kabisa Uingereza ilianza Cornwall mwaka 1987. Wanapewa fedha na watu kama nyinyi, wana uzoefu, watakupa ndoo zenye mihuri, mabango, pengine na mtu wa kuzungumza. Usiahidi kijiji kwamba helikopta itakuja kuonyeshwa. Kazi yake ni wagonjwa.

Sikushauri utoze kiingilio. Weka geti wazi, omba mchango wa maegesho kwa gari, na familia yenye watoto wanne haitageuka nyuma. Kuna faida nyingine: mchango wa hiari wa mlipa kodi wa Uingereza unaingia kwenye Gift Aid, ambapo shirika huongezewa peni 25 kwa kila pauni, lakini bei ya tiketi ya kuingilia au ya bahati nasibu haiingii. Bahati nasibu yenyewe ni rahisi ukiiweka ndani ya shughuli: tiketi ziuzwe hapohapo na siku hiyohiyo tu, na haihitaji leseni. Sheria inataka msikate zaidi ya pauni 500 kwa kununua zawadi na pauni 100 kwa gharama nyingine. Zawadi za kupewa bure hazihesabiwi. Mkitaka kuuza tiketi wiki kadhaa kabla, ni jambo jingine, mnajisajili halmashauri. Ukumbi ukitaka kuuza bia na hauna leseni, kuna taarifa iitwayo Temporary Event Notice: pauni 21, iwasilishwe siku 10 za kazi kabla, na watu wasifike 500. Kutoka na ndoo barabarani kunahitaji kibali cha halmashauri, kwa hiyo ndoo zibaki shambani. Azima mashine mbili au tatu za kupokea malipo ya kadi, maana Waingereza wengi hawatembei tena na pesa taslimu, na hakikisha mtandao unashika pale shambani. Ndoo zifunguliwe mbele ya watu wawili wasio wa nyumba moja, zihesabiwe, wote watie saini, na jumla itangazwe kijijini ndani ya wiki, pamoja na gharama zilizokatwa.

Na zahanati ya nyumbani. Nakuelewa kabisa, hakuna anayeishi huku ambaye hajatazama mezani fedha za hisani akakumbuka kwao. Lakini fedha iliyoombwa kwa jina la helikopta ni ya helikopta yote. Kuichota hata robo, kwa nia njema kiasi gani, ni kuvunja ahadi kwa aliyetia ndoo, na hapa ni kosa la kisheria pia. Kama kamati inakubali, njia safi ni kulitaja bangoni tangu mwanzo na kuweka meza tofauti, ndoo tofauti, hesabu tofauti. Kwa mwaka wa kwanza, mimi ningeacha siku hii iwe ya helikopta peke yake. Wakishakuona umesimamia fedha yao hadi peni ya mwisho, mwakani simama ukumbini jioni moja, pika pilau, uwaeleze Muheza iko wapi. Watakuja. Kabla ya hapo mwandikie mganga mfawidhi wa zahanati, umuulize upungufu ni wa nini hasa na fedha zipitie akaunti gani. Zahanati ya serikali ina kamati yake ya usimamizi na hesabu zake, usitume kwa simu ya mtu. Na una cha kuwasimulia watu wa helikopta: mwaka 1957, miaka 30 kabla ya ile ya Cornwall, madaktari watatu walianzisha Nairobi huduma ya kuruka na ndege kuwafuata wagonjwa vijijini, ambayo leo tunaijua kama Amref. Jambo wanalolichangia si geni kwetu.

Buckminster, mpakani mwa kaunti yako, BMFA ina kituo chake cha taifa. Nenda siku moja ya shughuli kabla ya yenu, usitazame ndege, tazama kamba: imeanzia wapi, nani amesimama wapi, watoto wanafanya nini ndege zikiwa chini.

Jioni, kabla mtu hajaondoka, pangeni mstari mmoja wa watu bega kwa bega, mlivuke shamba lote kwa miguu, taratibu. Mwokote kila kipande cha povu, kila skrubu, kila ncha ya propela, na ile shayiri ya pembeni mwiangalie vilevile, maana vipande huruka mbali kuliko unavyodhani. Mkulima akirudisha kondoo wake kesho yake, wasikute kitu cha kumeza.